Jiko likishaiva ndipo hatari inaanza: kemia ya baridi ya Endarasha

Ukialikwa Endarasha mwezi wa Julai, beba sweta mbili. Ya kwanza utaivaa ukishuka tu kwenye matatu. Ya pili utaitafuta jioni, ukungu ukishaanza kuteremka kutoka milima ya Nyandarua. Wenyeji ni wakarimu. Utapewa chai ya maziwa, utapewa mukimo, utapewa blanketi nzito. Na kabla hujalala, huenda shosho wa boma hilo akakuuliza kama akuingizie jiko la makaa chumbani upate joto.

Kwa heshima zote, hilo jiko likatae.

Najua umeshasikia kwamba "jiko ni hatari". Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia iliyofunga milango ikalala na jiko, kukapambazuka majirani wanavunja mlango. Tunasema pole, tunasambaza kwenye WhatsApp, halafu wiki ijayo tunaingiza jiko letu kwenye bedsita kwa sababu letu "halina moshi". Hapo ndipo shida ilipo, msomaji. Kuambiwa usifanye kitu bila kuelezwa sababu hakusaidii mtu anayetetemeka saa nne usiku. Kwa hivyo leo nakueleza sababu, na sababu yenyewe iko ndani ya ile mada uliyokariri kidato cha pili ukaisahau siku uliyomaliza KCSE: bondi za kemia.

Si bondi ya polisi, wala ile bondi ya serikali ambayo mjomba wako anajivunia. Nazungumzia ule mshiko unaozifanya atomu zikae pamoja zikawa maji, chumvi, makaa, sufuria, damu na wewe mwenyewe.

Mahali penyewe

Kwa wasee ambao hawajawahi kuvuka Karatina: Endarasha iko Kieni, kaunti ya Nyeri, kwenye miinuko iliyo kati ya Nyandarua na Mlima Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya waru, kabichi na karoti. Wengi nje ya Nyeri walilisikia jina hili kwa mara ya kwanza kwa uchungu, moto ulipoteketeza bweni la Hillside Endarasha Academy usiku wa Septemba 5, 2024, na watoto 21 wakapoteza maisha. Makala haya hayahusu mkasa huo, lakini hakuna anayeweza kuandika jina Endarasha bila kusimama kidogo kwa ajili yao.

Kuishi juu hivyo kuna gharama mbili. Ya kwanza unaihisi kwenye vidole. Ya pili huihisi, lakini ipo: hewa ni nyepesi. Kila ukivuta pumzi Endarasha, unaingiza oksijeni pungufu kwa karibu moja kwa tano ukilinganisha na mtu aliyekaa Mombasa. Wenyeji wamezoea. Lakini shikilia hiyo hesabu, tutairudia.

Blanketi moja, watu wawili

Sasa, atomu ni nini na kwa nini zishikane? Katikati ya atomu kuna kiini chenye chaji chanya. Kukizunguka kuna elektroni, zenye chaji hasi. Chanya na hasi huvutana. Sheria kubwa ni hiyo, na karibu kila kitu kingine kwenye bondi kinatoka hapo.

Hebu piga picha ndugu wawili, kitanda kimoja, blanketi moja, usiku wa Julai. Hawapendani hata, asubuhi walipigana juu ya rimoti. Lakini blanketi ni moja na kila mmoja analitaka, kwa hivyo wanasogeleana mpaka liwatoshe wote. Atomu mbili zikishirikiana jozi ya elektroni, hivyo ndivyo inavyokuwa. Kiini cha huku kinazivuta, kiini cha kule kinazivuta, na kwa kuwa zote mbili zimeng'ang'ania kitu kilekile cha katikati, zinakaa pamoja. Wakisogeleana kupita kiasi wanaanza kupigana viwiko, kwa sababu viini viwili vyenye chaji chanya husukumana. Kwa hivyo kila bondi ina umbali wake ambapo pande zote zimetulia.

Aliyependekeza wazo hili la jozi ya elektroni inayoshirikiwa ni Mmarekani Gilbert Lewis, mwaka wa 1916. Wanasayansi huiita bondi kovalenti. Oksijeni unayovuta sasa hivi ni atomu mbili zinazoshirikiana jozi mbili. Maji ni oksijeni moja inayoshirikiana na haidrojeni mbili.

Kuna njia nyingine pia. Kwenye chumvi, hakuna kushirikiana: sodiamu inamwachia klorini elektroni moja kabisa, ikabaki chanya, klorini ikawa hasi, na sasa zinavutana kwa sababu ya tofauti hiyo. Kwenye sufuria yako ya alumini mambo ni kama chama: kila atomu imechanga elektroni zake, zinazunguka, hakuna anayeweza kusema hii ni yangu. Kwa sababu elektroni hizo ziko huru kutembea, zinabeba joto haraka, ndiyo maana ukishika sufuria bila kitambaa unajuta mara moja.

Lakini leo tunaye mshukiwa mmoja, na yeye ni wa blanketi. Kabla hatujamfikia, toka nje kidogo tuangalie shamba.

Mshiko dhaifu unaoua waru

Baridi ya Julai huku ni ya mawingu na manyunyu. Ile inayomwogopesha mkulima zaidi huja wakati wa kiangazi, usiku ambao anga ni safi na nyota zote ziko nje. Bila mawingu ya kulizuia, joto la ardhi linapotelea juu, na alfajiri majani ya waru yanakuwa na sakitu, ile barafu nyembamba nyeupe. Jua likitoka, majani yanageuka meusi kana kwamba mtu ameyamwagia maji moto. Kazi ya miezi inaisha kwa usiku mmoja.

Hapa kilichofanya kazi si bondi ya ndani ya molekyuli. Ni mshiko mwingine, dhaifu, kati ya molekyuli moja ya maji na jirani yake. Ndani ya maji, oksijeni inavuta blanketi upande wake, kwa hivyo inakuwa hasi kidogo na haidrojeni zinabaki chanya kidogo. Haidrojeni ya molekyuli hii inavutwa na oksijeni ya molekyuli ile. Hiyo ndiyo bondi ya haidrojeni, na nguvu yake ni kama moja kwa ishirini tu ya bondi inayoshikilia maji yenyewe.

Maji yakiwa maji, mishiko hii inashikana na kuachana bila kutulia, kama watu wanaosalimiana kwenye harusi. Yakiganda, kila molekyuli inashika majirani wanne na kutulia, na mpangilio huo una nafasi nyingi wazi katikati. Ndiyo maana barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji, karibu asilimia 9 zaidi, na ndiyo maana chupa iliyojaa maji hupasuka kwenye friza. Kwenye jani la waru, barafu huanza nje ya seli, inafyonza maji yaliyo ndani, na seli inakauka na kuharibika huku imezungukwa na maji.

Kuna jambo moja hapa nataka ulibebe mpaka mwisho. Maji yanapoganda, molekyuli zinashikana, na kila zinaposhikana zinatoa joto kidogo. Wakulima wa michungwa huko Florida, Marekani, hulitumia hili: usiku wa baridi kali wananyunyizia miti maji makusudi, na maji yale yakiganda yanaipa miti joto linalotolewa na kushikana kwa molekyuli. Inashangaza, lakini ni kweli. Kukata bondi kunagharimu nishati, kuunda bondi kunalipa nishati. Shuleni wengi tulitoka tukiamini kinyume chake, kwamba nishati imefungiwa ndani ya bondi na ukiivunja inaruka nje kama soda iliyotikiswa. La. Kuvunja ni kulipa. Kushikana ni kulipwa.

Kinachotokea ndani ya jiko

Sasa rudi ndani, tuliangalie jiko. Makaa ni kaboni, karibu yote. Hewa imejaa oksijeni. Kama vitu hivi vinapendana hivyo, mbona gunia la makaa lililo nyuma ya duka haliwaki lenyewe?

Kwa sababu kuna malipo ya kwanza. Ili kaboni ishikane na oksijeni, lazima kwanza zile atomu mbili za oksijeni zianze kuachana, na kaboni iachane na kaboni mwenzake. Hiyo ni gharama. Unailipa kwa karatasi, vijiti au mafuta ya taa. Ni kama mtaji wa kuanzisha kibanda cha smokie. Ukishapata mtaji na kaboni ya kwanza ikashikana na oksijeni, malipo yanayorudi ni makubwa kuliko ulichotoa, yanatosha kulipia jirani, naye analipia mwingine. Moto umeshika. Joto lote unalolihisi kwenye viganja ni malipo ya bondi mpya zinazoundwa.

Swali ni bondi gani zinazoundwa. Kaboni ikipata oksijeni ya kutosha, inashika atomu mbili na kuwa kaboni dioksidi, ile unayoitoa wewe ukipumua. Lakini jiko si mahali pa usawa. Chini kuna hewa inayoingia kwenye kidirisha. Kaboni dioksidi inaundwa hapo, inapanda, na njiani inapita katikati ya makaa mekundu yenye njaa. Kaboni iliyo moto sana inainyang'anya atomu moja ya oksijeni. Ilikuwa kaboni moja na oksijeni mbili, sasa kuna kaboni mbili, kila mmoja na oksijeni moja. Huyo ndiye mshukiwa wetu: kaboni monoksidi.

Umewahi kuona ndimi ndogo za buluu zikicheza juu ya makaa? Hiyo ni kaboni monoksidi ikiungua, ikipata oksijeni yake ya pili juu ya jiko. Ndimi zikiwepo, angalau sehemu ya gesi inamalizika. Jiko likitulia, makaa yakawa mekundu yamevaa jivu jeupe, ndimi zimepotea, gesi inaendelea kutoka lakini haiungui tena. Inaingia chumbani.

Na wasee, hebu fikiria ni wakati gani sisi huingiza jiko ndani. Tunaliwasha nje, tunasubiri moshi uishe, tunasema "sasa limeiva", tunalibeba mpaka kando ya kitanda. Moshi ni vitu visivyoungua vizuri, unauona, unaunusa, unakutoa machozi, unakufukuza. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Kwa hivyo tunasubiri onyo liondoke ndipo tunaukaribisha ule ugonjwa wenyewe. Hata lile jiko la kisasa lenye kikombe cha udongo, lililoanza kuenea Kenya miaka ya 1980, linakuokolea makaa lakini halikuokoi na gesi hii.

Damu yako inahitaji bondi inayojua kuachilia

Sasa tunafika kwenye kiini cha mambo. Kwa nini gesi hii inaua? Wengi wanadhani ni kwa sababu jiko "linamaliza hewa". Mara nyingi chumba bado kina oksijeni ya kutosha kumweka mtu hai. Shida ni kwamba damu haiwezi tena kuibeba.

Ndani ya damu kuna protini inayoitwa himoglobini. Kila moja ina atomu nne za chuma, na kila chuma kinabeba molekyuli moja ya oksijeni. Fikiria bodaboda yenye viti vinne. Inajaza abiria kwenye mapafu, inawashusha kwenye ubongo, moyo na misuli, inarudi tupu. Ili biashara hii iende, bondi kati ya chuma na oksijeni haifai kuwa imara sana. Lazima ishike vizuri pale mapafuni na iachilie vizuri kule mwilini. Sisi tumezoea kusifu mshiko imara, lakini hapa uhai wako unategemea mshiko uliolegea kwa kiwango sahihi.

Kaboni monoksidi nayo inapenda kiti kilekile. Upande wake wa kaboni una jozi ya elektroni isiyo na kazi, inaileta na kuiweka kwenye chuma. Chuma nacho kinairudishia elektroni zake kwa njia nyingine. Ni mkono kwa mkono, na matokeo yake ni mshiko unaoizidi oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Abiria huyu akikaa, hashuki stejini. Anazunguka na bodaboda mji mzima. Na kuna ubaya wa pili: akishakaa kiti kimoja, anabadilisha umbo la himoglobini kiasi kwamba hata wale abiria wa oksijeni waliobaki wanashikiliwa kwa nguvu zaidi na hawashuki wanapohitajika.

Piga hesabu nami. Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa. Gawanya kwa 210, unapata asilimia 0.1, yaani sehemu moja ya gesi kwenye sehemu 1,000 za hewa. Chumba chenye kiasi hicho kidogo, ukilala humo saa za kutosha, karibu nusu ya viti vya damu yako vinachukuliwa. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufa kwa hali hiyo. Na ile hesabu ya mwinuko niliyokuambia uishikilie? Endarasha unaanza usiku ukiwa na oksijeni pungufu tayari. Akiba yako ni ndogo kuliko ya mtu wa Mombasa, ilhali mtu wa Mombasa hana hata sababu ya kuingiza jiko chumbani.

Haya hayakujulikana juzi. Mfaransa Claude Bernard alionyesha miaka ya 1850 kwamba gesi hii inaiondoa oksijeni kwenye damu. John Haldane wa Scotland aliivuta yeye mwenyewe kwa makusudi kwenye miaka ya 1890 akiandika anavyojisikia, kazi iliyosaidia wachimba migodi kuanza kubeba ndege wadogo wanaozidiwa mapema kabla ya binadamu. Halafu kuna Linus Pauling, Mmarekani aliyetueleza bondi za kemia kuliko karibu mtu mwingine yeyote na akapata Nobel ya Kemia 1954. Mwaka wa 1936, yeye na mwenzake Charles Coryell walipima tabia ya sumaku ya damu, na wakaonyesha kwamba chuma kinabadilika kabisa oksijeni au kaboni monoksidi inapokishika. Maana yake ni bondi halisi, haijajibandika tu juujuu.

Kwa sisi ambao chuo hatukukimaliza kwa sababu ya karo, huyu Pauling ana kisa kizuri: aliacha shule ya upili bila cheti, na shule yake ikampa cheti hicho mwaka wa 1962, miaka minane baada ya Nobel. Kwa hivyo usiniambie kemia ni ya wenye vyeti pekee.

Mambo ya mtaani ambayo kemia inayakataa

Kuna mtu atakuambia uweke beseni la maji kando ya jiko lifyonze gesi. Kumbuka mishiko ya haidrojeni: maji yanapenda vitu vyenye upande chanya na upande hasi wa kushika. Kaboni monoksidi karibu haina pande hizo, kwa hivyo maji hayana pa kuishikia. Haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kukuokoa.

Mwingine atakuambia ujifunike shuka usoni. Molekyuli hii ni ndogo, inapita kwenye kitambaa bila kubisha hodi.

Mwingine atampa mgonjwa maziwa. Maziwa yanaenda tumboni. Gesi iko kwenye damu. Hawatakutana, na mtu aliyepoteza fahamu anaweza kusakamwa na hayo maziwa.

Na wapo watakaosema "mimi nitajua nikianza kuzidiwa". Hutajua. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na usingizi. Usingizi, bana, saa tano usiku, kitandani! Nani atashtuka? Wengine huchukulia ni homa au malaria. Ishara ya kuaminika ni hii: watu wote wa nyumba wanaumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu.

Ukimkuta mtu amezidiwa

Fungua mlango na madirisha kwanza, mtoe nje upesi kwenye hewa safi, usikae humo kumhudumia. Piga 999 au 112, au tafuta gari mara moja. Hata akiamka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitali. Kaboni monoksidi huachilia chuma, ila polepole: ukipumua hewa ya kawaida, inachukua kama saa 4 hadi 5 kwa nusu yake kutoka kwenye damu. Ukipewa oksijeni tupu hospitalini, muda huo unashuka hadi karibu saa moja na nusu, kwa sababu oksijeni nyingi inapigania vile viti na kushinda.

Ukifika huko, sema wazi: "Kulikuwa na jiko ndani." Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni mara nyingi hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kabisa kwa mtu anayekufa. Daktari akijua kulikuwa na jiko, atajua asiiamini namba hiyo. Kwa mjamzito, mtoto mchanga na mwenye ugonjwa wa moyo, usisubiri hata dakika.

Na usidhani ni jiko la makaa pekee. Jenereta iliyowashwa dukani stima zikipotea, gari linalonguruma kwenye gereji iliyofungwa, hita ya gesi bafuni bila tundu la hewa: gesi ni ileile, chuma cha damu ni kilekile.

Basi tulale vipi?

Sitakuambia uvumilie baridi. Baridi ya huku si mchezo, na makaa kwa watu wengi ndiyo joto la bei wanayoiweza. Otea jiko jioni mkiwa macho, mlango na dirisha vikiwa wazi, mpige stori. Wakati wa kulala ukifika, jiko litoke nje kabisa. Si jikoni palipo na mlango unaoingia chumbani, wala si kwenye korido ya ploti ambako gesi itamfuata jirani. Nje, mahali ambapo halitashika kitu moto.

Halafu tumia lile jiko kwa kazi moja ya mwisho kabla halijatoka. Teleka maji. Tia kwenye mpira wa maji moto, funga vizuri, uzungushie taulo, uuweke chini ya blanketi miguuni. Maji ni hodari kwa kazi hii kuliko karibu kitu chochote ulicho nacho nyumbani. Kulipasha maji joto kunahitaji nishati mara tisa hivi ya ile inayopasha chuma cha uzani uleule, kwa sababu sehemu kubwa ya nishati inaishia kupambana na zile bondi za haidrojeni. Kisha usiku, maji yakipoa, molekyuli zinashikana tena taratibu na kukulipa lile joto, saa baada ya saa. Mishiko ileile dhaifu iliyoua waru shambani inakupasha miguu, bila kugusa damu yako.

Na shosho akisisitiza jiko libaki, usimjibu kama mjuaji wa mjini. Mwambie, "Asante sana shosho, joto limeshanitosha. Nisaidie tu maji moto nilale nayo." Kisha wewe mwenyewe beba lile jiko ulitoe nje, na ukirudi uliza kama chumba chake nacho kina jingine.